Mgonjwa wa Asubuhi na Mgonjwa wa Jioni

Asubuhi moja niliinama chini ya ng'ombe wetu, nikashika chuchu, nikakamua, maziwa hayakutoka. Nikakamua tena. Hayakutoka. Ng'ombe akageuza shingo akanitazama, kama mtu aliyebishiwa hodi, akafungua mlango, asione mgeni. Tatizo halikuwa lake. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa. Tatizo lilikuwa vidole vyangu. Vilikuwa vimesimama vyote kama ndizi mbichi kwenye chane, vimevimba kwenye vifundo, vina moto, na kila nikijaribu kuvikunja nilisikia maumivu mpaka kwenye meno.

"Vipi huko?" mama mkwe wangu aliuliza kutoka jikoni.

"Maziwa hayatoki, mama."

"Mbona jana yalitoka?"

"Jana nilikuwa na vidole."

Akaja, akanitazama, akamtazama ng'ombe, akanisogeza pembeni kwa kiwiko, akakaa yeye kwenye kigoda. Maziwa yakaanza kupiga kibuyu, chwii, chwii, chwii. Hakusema neno. Mama mkwe asiposema neno, ujue amekwisha kusema mengi.

Wakati huo tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, kwenye mteremko usio mbali na Genkuru. Zamani kila boma lilikuwa na kilima chake, na ukitaka kumsema jirani ilikubidi utembee mwendo mrefu kumtafuta mtu wa kumwambia. Sasa nyumba zilipangwa mistari kama mahindi, ukikohoa huku, kule wanakuambia pole. Mume wangu alikuwa askari jeshi, kambi yake iko Tabora. Nyumbani tulibaki mimi, mama yake, na binti yangu mdogo aliyekuwa anajifunza kutembea kwa kushika mikia ya mbuzi.

Kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kwenda shamba la kijiji. Asubuhi na mapema iligongwa rimu ya lori iliyotundikwa mtini, ngee, ngee, ngee, na ukiisikia unachukua jembe. Kwetu mtu wa kwenda alikuwa mimi. Nani mwingine? Mama mkwe alikuwa mtu mzima, na mbuzi hawakuandikishwa.

Basi asubuhi zikaanza kunitesa. Nikiamka, mikono yote miwili imekakamaa, mkono wa kulia sawasawa na wa kushoto, kama vile imeshauriana. Sikuweza kufunga kanga. Sikuweza kushika kikombe kwa mkono mmoja. Kugeuza ugali wetu wa ulezi, ule tunaouita obokima, ilikuwa ndoto, kwa sababu obokima haugeuzwi na mtu mwenye huruma na mikono yake. Niliburuta jembe mpaka shambani, nikalima kama mtu anayepapasa kitu gizani. Halafu, saa nne ikifika, vidole vinaanza kulegea kimoja kimoja. Saa sita najiona mzima. Jioni ningeweza kusuka mkeka.

Sasa fikiria unaishi katika kijiji kinachoanza kazi alfajiri na kumaliza saa sita, na wewe unaumwa ugonjwa unaoanza alfajiri na kuisha saa sita.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema wazi. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya watu wanne, na alivaa koti la mvua hata wakati wa kiangazi kwa sababu, alisema, kiongozi lazima ajiandae. Alisimama shambani mbele ya tuta langu.

"Ugonjwa gani huu unaojua kusoma saa?"

"Sijui, mwenyekiti. Naugua tu."

"Malaria haijui saa. Kuhara hakujui saa. Hata nyoka haulizi saa ngapi. Wako tu ndio una saa!"

Wanawake wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa sababu kweli ilichekesha. Lakini usiku ule nilijifunika shuka nikamwaza mume wangu Tabora, ataambiwa mke wake ni mvivu, na hajui kwamba nashindwa hata kumfunga mtoto mgongoni.

Jambo lingine ni kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na mshukiwa wa pili. Mama mkwe wangu asubuhi alikuwa kama askari. Aliamka akajinyoosha mara mbili tatu, magoti yakaalika, akaenda kisimani, akarudi, akafagia, akakamua ng'ombe, akamfokea jogoo. Lakini jua likishaanza kushuka, naye alishuka nalo. Goti la kulia lilimvimba. Akikaa hainuki, akiinuka hakai. Na hali hiyo ilimfika, kwa bahati mbaya sana, wakati ule ule wa kuosha vyombo.

Kwa hiyo asubuhi yeye alinitazama mimi, na jioni mimi nilimtazama yeye, na kila mmoja aliguna kwa ndani.

Siku moja mguno ukatoka nje. Nilikuwa nimesugua sufuria zote, nimeleta kuni, nimewafunga mbuzi, yeye amekaa kigodani amenyoosha mguu.

"Mke wa mwanangu," akasema, "niletee maji ya kunywa."

"Mama, mtungi uko karibu na mkono wako."

"Goti."

"Goti linakunywa?"

Katika maisha yangu sikuwahi kumjibu mkwe hivyo, na mdomo wangu wenyewe ulishangaa. Yeye akasema polepole:

"Na asubuhi, ng'ombe anapohitaji mtu, vidole vyako vinakwenda wapi? Vinakwenda Tabora kumsalimia mumeo?"

Tulilala bila kuagana. Asubuhi yake alinikuta nimekaa mlangoni, nimeweka mikono kwenye bakuli la maji ya moto, nalia. Akachuchumaa, goti likaalika ka!, akanishika kifundo cha kidole cha shahada. Alikiminya kidogo tu nikaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.

"Kina moto," akasema. Akashika cha mkono mwingine. "Na hiki. Kama yai linalotoka chini ya kuku." Akatikisa kichwa. "Mtu hawezi kuigiza joto."

Tangu hapo alikuwa upande wangu, na nikikumbuka sasa naona ndiyo siku tulipoanza kuwa ndugu.

Lakini kuwa upande wangu kulikuwa na gharama zake, maana mama mkwe aliamua kunitibu. Alinichapa mikono kwa majani ya kuwasha, akidai maumivu ya nje yatayaita ya ndani yatoke. Yakatoka ya nje, ya ndani yakabaki. Kisha akapita mtu aliyesema anatoka upande wa Mugumu, porini kabisa, anauza mafuta ya simba kwenye kichupa. Alisema ukijipaka, viungo vinapata nguvu ya simba, na dalili kwamba ni ya kweli ni hii: mbwa wakisikia harufu watakimbia hadi kijiji cha pili.

Mama akatoa jogoo wake, yule yule aliyekuwa akimfokea, akapata kichupa. Nikapaka mikono yote mpaka kwenye viwiko. Nikatoka nje. Mbwa wa jirani akainua pua. Akaja. Akaja na mwenzake. Kufika kwenye kona nilikuwa na mbwa watano, na hakuna aliyekimbia isipokuwa mimi. Walinilamba mikono yote kwa heshima kubwa, wakatafuta na katikati ya vidole.

"Simba gani huyu anayelambwa na mbwa?" mama aliuliza. Akanusa kichupa vizuri. Akatia kidole, akaonja. "Mafuta ya ng'ombe haya! Tena ng'ombe mzuri."

Yaliyobaki tulikaangia mboga. Ilikuwa tamu, siwezi kuficha.

Mambo yalipozidi, mwenyekiti akaita kamati ije nyumbani kwetu kufanya alichoita uchunguzi. Alifika alfajiri, kabla ya rimu kugongwa, na wanawake watatu wa kamati na kapu la karanga zenye maganda. Akalimwaga mbele yangu.

"Menya."

Nikajaribu. Karanga ikanitoka vidoleni, ikaruka, ikambiringikia kuku. Nikajaribu nyingine. Ikaruka. Kuku wakakusanyika, wakaona leo mambo yao. Nikaitia ya tatu mdomoni niivunje.

"Kwa meno hairuhusiwi!" mwenyekiti alipiga kelele.

"Mwache," alisema mmoja wa wale wanawake. "Huoni vidole vyake vimenona kuliko vyako?"

"Tutarudi mchana," mwenyekiti akasema. "Hapo ndipo ukweli utaonekana."

Wakarudi saa saba. Vidole vyangu vilikuwa vimefunguka kama kawaida yao. Nikamenya karanga taratibu, kisha haraka haraka, ta, ta, ta, na wanakamati wakawa wanazichukua moja moja bila kujijua, wakila. Mwenyekiti akaunyanyua mkono mmoja juu.

"Mmeona! Asubuhi amekufa, mchana amefufuka! Karanga zenyewe ni ushahidi!"

Akatazama kapu. Ushahidi ulikuwa umekwisha kuliwa. Yeye mwenyewe alikuwa anatafuna.

Hapo mama mkwe wangu akaona sasa basi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu walipofika, akasukuma ardhi kwa mikono yote miwili ili ainuke atoe hotuba, na goti lake likaalika KA!, mlio mkubwa mpaka mwenyekiti akainama kidogo akatazama nyuma.

"Nani amevunja mti?"

"Ni mimi," mama akasema. "Mura, kaa chini."

Kwetu mura ni kijana wa kiume. Mwenyekiti alikuwa na wajukuu. Lakini mama mkwe wangu alikuwepo siku anazaliwa, kwa hiyo akakaa.

"Huyu anaumwa asubuhi," mama akaendelea. "Mimi naumwa jioni. Wewe unasema hakuna ugonjwa wenye saa. Basi twende Tarime kwa daktari, na wewe uje, usikie kwa masikio yako. Akisema huyu ni mvivu, nitalima mimi shamba lote la kijiji kwa goti hili."

Mbele ya kamati mwenyekiti hakuwa na pa kupitia. Akakubali.

Tulikwenda na lori lililokuja kuchukua mahindi ya kijiji. Mtoto tulimwacha kwa jirani. Safari ilianza asubuhi, kwa hiyo mama mkwe alipanda mwenyewe, akakanyaga tairi, akashika ubao, akajitupa juu ya magunia kama msichana. Mimi sikuweza kushika kitu. Vijana wawili wakanibeba huku na huku, wakahesabu moja, mbili, wakanirusha kama gunia. Kondakta akauliza kama mimi ni mali ya kijiji. Mwenyekiti alikaa mbele na dereva, koti la mvua limefungwa mpaka kidevuni, jua linawaka.

Hospitalini tulipokewa na daktari msaidizi, mtu mnene, mpole, mwenyeji wa visiwani Ukerewe, ambaye alikuwa na tabia ya kufunga macho akisikiliza. Mara ya kwanza nilidhani amelala.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe. Kisha akanigeukia. "Haya, dada. Ukiamka, mikono inakuwa imekakamaa kwa muda gani?"

"Mpaka kazi iishe," mwenyekiti akajibu.

Daktari akafungua jicho moja. "Wewe ni nani?"

"Mwenyekiti wake."

"Vidole ni vya nani?"

"Vya kwake. Lakini viko chini yangu."

"Basi vidole viache vijibu."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amenifanyia kwa miezi mingi. Akauliza ilianza lini. Nikasema miezi kadhaa baada ya kujifungua. Akauliza kama mikono yote miwili inauma sawa, kama nachoka hata nisipofanya kazi, kama napungua mwili, kama miguu nayo inauma chini ya vidole nikikanyaga asubuhi. Kila swali nilijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikaanza kuogopa, nikadhani labda ataniuliza kama nimekufa na nitajibu ndiyo. Kisha akauweka mkono wangu kati ya viganja vyake, akaviminya vifundo vyote kwa pamoja, polepole, kutoka upande mmoja na upande mwingine. Nikaita jina la mama yangu mzazi.

"Mwenyekiti," daktari akasema, "lete mkono wako."

Akamminya vile vile. Mwenyekiti akatabasamu.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Yeye amesikia. Huo ndio ugonjwa wake."

Akamgeukia mama. Akamkunja goti, akalikunjua, kiganja kimewekwa juu ya kifuniko cha goti. "Njoo usikie, mwenyekiti." Mwenyekiti akaweka kiganja chake kwa uangalifu, kama mtu anayepapasa ng'ombe asiyemjua. Goti likasaga.

"Kama kusaga ulezi!" akasema, macho yamemtoka.

"Asubuhi likikaza, linakaza kwa muda mrefu, mama?"

"Nikijinyoosha kidogo tu linaachia. Tatizo ni kazi. Nikilitumia sana ndipo linanigomea. Na kuteremka mlima. Kupanda si kitu, kushuka ndiko kunakoniua."

Daktari akafumba macho, akatueleza. Alisema watu huyaita yote ugonjwa wa viungo, wakadhani ni kitu kimoja, kumbe ni kama kusema "mnyama" halafu ukamfunga paka kwenye jembe la kukokotwa. Goti la mama limelika. Ndani yake kuna kitu laini kinachozuia mfupa usisugue mfupa, na chake kimeisha, kama soli ya katambuga iliyotembea sana. Kwa hiyo akipumzika anapata nafuu, akifanya kazi anaumia, na ndiyo sababu jioni ni mbaya. Yangu ni baridi yabisi. Si kulika. Ni mwili wenyewe umekosea, unavishambulia viungo vyake kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba. Usiku viungo vinavimba na kukakamaa, asubuhi vinahitaji saa nyingi kulegea, na vikizoea mwendo vinapata nafuu.

"Kwa hiyo una saa kweli?" mwenyekiti aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Una saa. Ndiyo njia mojawapo ya kuutambua."

"Na si uvivu?"

"Mvivu vifundo vyake havivimbi, mzee wangu."

Nililia hapo. Sikulia kwa maumivu, maana ilikuwa inakaribia saa sita na nilikuwa naendelea vizuri. Nililia kama mtu aliyepotea porini akasikia sauti ya kengele ya mbuzi. Mama mkwe akanifuta kwa ncha ya kanga yake, akanifuta na pua, mbele ya mwenyekiti.

"Mtoto bado ananyonya?" daktari akauliza, kalamu mkononi.

"Ameacha," mama akasema. "Anakula obokima kuliko mwenyekiti."

Dawa zangu zilikuwa aspirini, nyingi, na akasisitiza nizimeze nikiwa nimekula, nisithubutu tumbo likiwa tupu. Na nyingine akasema ni klorokwini.

"Hiyo si ya malaria?" mwenyekiti akadakia.

"Ni ya malaria. Lakini inatuliza na ugonjwa huu. Haifanyi kazi haraka. Vumilia miezi. Na ukiona macho yanaanza kuona ukungu, usisubiri, njoo."

Asubuhi niloweke mikono kwenye maji ya vuguvugu, niifungue na kuifumba polepole. Ikivimba sana niipumzishe, ikipoa niitumie. Kwa mama akaagiza apunguze kubeba maji mlimani, akae aunyooshe mguu hewani, ahesabu pumzi kadhaa, aushushe, ili nyama za paja zipate nguvu ya kulishikilia goti. Na atembelee fimbo, mkono wa kushoto.

"Goti linaloumwa ni la kulia," mwenyekiti akamsahihisha.

"Najua. Fimbo mkono wa kushoto."

"Daktari, umechoka. Upande unaoumwa ndio unaoegemezwa."

"Mwenyekiti, simama. Tembea. Mguu wa kulia ukienda mbele, mkono gani unakwenda nao?"

Mwenyekiti akatembea ndani ya chumba kile, akajitazama mikono. Akasimama. Akarudia. Ulikuwa wa kushoto. Tangu siku hiyo nadhani hakuwahi tena kutembea bila kufikiri.

"Kwa hiyo tutapona lini?" mama aliuliza tukiinuka.

Daktari akasema kweli, na namheshimu kwa hilo. Kupona kabisa, kwa goti lile na vidole vile, hakuahidi. Kupungua kwa maumivu, kulima, kupika, kumbeba mjukuu, hayo alisema yanawezekana.

Kurudi ilikuwa jioni. Mimi nilipanda lori mwenyewe. Mama mkwe ndiye aliyerushwa. Kondakta yule yule akatutazama, akatazama jua, akafunga mlango. Juu ya magunia matupu mama akaniambia sikioni, "Nilidhani unakwepa kazi."

"Na mimi nilidhani wewe, mama."

Tulicheka mpaka lori lilipoanza kushuka mlima, ndipo yeye akaacha kucheka akashika goti.

Mtu aliyebadilika zaidi kwa safari ile alikuwa mwenyekiti. Alirudi amekuwa bingwa. Kila asubuhi kabla ya kugongwa rimu alipita nyumba hadi nyumba akiwaamkia watu kwa kuwaminya vifundo. "Asubuhi au jioni?" aliuliza, kwa sura ya huzuni kubwa. Watu wakajifunza haraka. Ndani ya muda mfupi karibu nusu ya kijiji walikuwa wanaumwa asubuhi, na baba mmoja akadai anaumwa asubuhi na jioni na siku za palizi. Lakini mwenyekiti hakudanganyika tena. Alitazama uvimbe, alipapasa joto, aliminya, na mtu asiyeruka alipewa jembe. Ajabu ni kwamba alimgundua kweli bibi mmoja, vidole vyake kama vyangu, aliyekuwa amekaa kimya miaka kwa sababu alidhani ni uzee. Mwenyekiti akampeleka Tarime mwenyewe. Hatukumcheka sana baada ya hapo. Kidogo tu.

Mpango wa nyumbani aliubuni mama. Asubuhi rimu ikigongwa, anakwenda yeye shambani, anapanda na kupalilia sehemu ya tambarare, nusu kasimama nusu kakaa kwenye kigoda chake. Mimi nabaki na mikono yangu kwenye bakuli. Goti likianza kumtisha, mimi nafika na mtoto. Tunabadilishana mwisho wa tuta, yeye anachukua mtoto, mimi nachukua jembe, kigoda kinabaki shambani. Kamati ilikaa kikao kuulizana kama hiyo ni halali, maana nyumba inatakiwa kutoa mtu mmoja, na sisi tulitoa nusu mbili. Mmoja akasema wawili hao hawalingani hata kwa urefu. Mwisho walikubaliana kwamba ni mwanamke mmoja mwenye miguu minne, na afadhali miguu mingi kuliko michache.

Klorokwini nayo ikanipa shughuli. Iliniwasha. Si kuwasha kwa mbu. Ni kuwasha kwa ndani ya ngozi, mgongoni, viganjani, nyayoni, na vidole vyangu vya asubuhi haviwezi kukuna. Majirani wakasema niliyameza yale majani ya kuwasha. Mama mkwe akachukua gunzi la mahindi, akanikuna mgongo huku ameketi ameunyoosha mguu wake hewani kama daktari alivyoagiza. Wapita njia waliona bibi kainua mguu mmoja kama jogoo anayefikiri, anamkuna mkwe wake kwa gunzi. Wengine walirudi kuita wenzao. Fimbo yake nayo kila mtu aliisahihisha. "Bibi, umeshika upande usio wako!" Akawajibu wote vile vile: "Muulize mwenyekiti."

Miezi ikapita kweli, kama daktari alivyosema. Uvimbe ukaanza kushuka polepole, na saa nne ya kulegea ikawa saa tatu, kisha saa mbili. Kuwasha nako kukapungua, au nilikuzoea. Goti la mama halikurudi usichanani, lakini aliacha kulia akishuka mlima, na paja lake likakomaa kwa mazoezi mpaka akawa anawaonyesha wageni.

Ndipo mume wangu akaja likizo. Alifika jioni, kofia ya jeshi, begi, kilio cha furaha. Asubuhi yake akaamka mapema kijeshi, akaita mke wake amletee chai. Akaletewa na mama yake. Akamwita mama yake amweleze mkewe yuko wapi. Akaambiwa yuko kwenye bakuli. Jioni akamwomba mama yake amsogezee kiti. Akasogezewa na mimi. Siku ya tatu akatukalisha wote wawili.

"Nani ameharibu utaratibu wa nyumba hii? Mama anafanya kazi za mke, mke anafanya kazi za mama."

Mama mkwe wangu akamwambia alete mikono. Akaishika kwa pamoja kati ya viganja vyake, akaiminya vifundo, hivi, kutoka upande huu na upande huu, akamtazama usoni.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama."

"Vizuri sana," akasema, akamwonyesha lilipo jembe. "Mzima wa asubuhi na wa jioni ndiye tuliyekuwa tunamsubiri."